Wanafunzi wanaojitolea katika makao ya watoto

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni wanafunzi wa chuo, na kila Jumamosi huenda kujitolea katika makao ya watoto waliotelekezwa, wengi wao wakiwa na ulemavu. Fedha za makao hazitoshi na walezi ni wachache. Tulidhani tunasaidia kwa kuwalisha na kuwabeba watoto, lakini mlezi mkuu ametuomba tupunguze. Kwa nini?

JIBU: Mlezi huyo yu sahihi. Mtoto aliyekwisha kutelekezwa humzoea upesi kila anayembembeleza, na muhula unapokwisha nanyi mkatawanyika, huachwa tena. Utafiti ulioanza mwaka 2000 huko Bucharest, Romania, kwa watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika makao, ulionyesha kwamba waliohamishiwa kwenye familia za malezi ya kambo, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia kuliko wenzao waliobaki. Jambo wanalolihitaji ni mtu yuleyule, siku zote.

Kulisha nako kuna hatari yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa amelala, au kichwa kikiwa kimelalia nyuma, chakula huweza kuingia mapafuni. Huketishwa wima, kidevu kikiinama kidogo, akapewa kijiko kidogo na kusubiriwa ameze kabla ya kingine. Asiyefundishwa na mlezi asishike kijiko.

Basi mpunguzieni mlezi kazi nyingine ili yeye abaki na watoto: fueni nepi na mashuka, kazeni skrubu za viti vya magurudumu, pangeni hesabu, andikeni maombi ya ufadhili. Mchango mdogo unaoingia kila mwezi bila kukosa una faida kuliko shehena ya midoli ya sikukuu (na picha za watoto mitandaoni, tafadhali, acheni kabisa).

Liko pia jambo ambalo vikundi vingi hulisahau, nalo ni kwamba watoto wengi walio katika makao wana mzazi mmoja au ndugu aliye hai, na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Kuwatafuta ndugu hao ni kazi ya ofisa ustawi wa jamii, wala msiifanye wenyewe. Muulizeni mlezi mkuu kama safari za ofisa huyo hukwama kwa kukosa nauli, na kama ndivyo, ichangieni hiyo kwanza.