Re: Makaburi ya Wazungu Tengeru ni ya Wajerumani?

Salaam mkuu. Umeuliza kama makaburi ya Tengeru, Arusha, ni ya walowezi wa Kijerumani. Hapana. Kwanza soma mwaka wa kufa kwenye jiwe: kwa wengi ni miaka ya 1940, Mjerumani alishanyang'anywa koloni zamani. Halafu tazama majina, mwanamume -ski, mwanamke -ska. Hao ni Wapolandi. Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, aliwahamishia Siberia na Kazakhstan kwa nguvu 1940-41, wakatoka huko hadi Iran 1942 ndipo Waingereza wakawaleta huku. Kambi yao ya wakimbizi hapo Tengeru ilibeba watu kama 5,000, wengi akina mama na watoto. Makaburi yamo ndani ya chuo cha mifugo, kwa hiyo jieleze getini. Ukifika Uganda, pitia Nyabyeya kule Masindi, walikokuwa na kambi nyingine, kanisa walilojenga bado limesimama.