Elfu Sitini Zilizonifunza Kuisoma P9 Yangu

Wiki jana dada mmoja aliniandikia: "Mwalimu, nipe siri yako, ushuru unanimaliza." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Miaka michache iliyopita huyo alikuwa mimi, ila mimi sikuwa na wa kumwuliza.

Ilikuwa Juni 29, jioni, kwenye saiba moja mjini Nakuru, nimeenda kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wa mwaka, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kijana wa saiba aliingiza tarakimu za P9 zangu mbili, zile karatasi za mwajiri zinazoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa mwaka mzima, akabonyeza, akanigeukia polepole. "Mwalimu, hapa unadaiwa elfu sitini." Nikamwambia arudie. Akarudia, zikatoka zile zile. Nyuma yangu mama mmoja akasema "pole" kwa sauti iliyosikika hadi nje, na mpaka leo pole hiyo inaniuma kuliko deni lenyewe.

Mchana nilikuwa nafundisha shule ya kibinafsi kwa mshahara wa 70,000. Jioni, kwa miezi 10, nilifundisha chuo fulani kwa 20,000. Chuo kilipopiga hesabu ya PAYE, ule ushuru mwajiri anaokata kwenye mshahara, hizo 20,000 ziliangukia kiwango cha chini cha asilimia 10, yaani shilingi 2,000. Na kwa kuwa mfanyakazi ana nafuu, yaani punguzo la ushuru, ya 2,400 kila mwezi, ikaonekana sidaiwi hata senti. Nilifurahi jamani! Nikawa nawaambia wenzangu nimepata kazi isiyokatwa. Sikujua kwamba nafuu hiyo ni moja kwa mtu, si moja kwa kila kazi, na kwamba mwisho wa mwaka mapato yote hujumlishwa. Mshahara wa mchana ulikuwa umeshapita ile 32,333 ambapo asilimia 30 inaanzia, kwa hiyo kila shilingi ya jioni ilistahili kukatwa asilimia 30. Elfu sita kwa mwezi, mara 10. Nilizila zote.

Tena deni la ushuru wa mwaka hulipwa kufikia Aprili 30. Juni 30 ni ya ritani tu. Kwa hiyo nilikuwa nimechelewa kabla hata sijapanga foleni: faini ya asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Nililipaje? Sacco, chama, na mbuzi wawili wa mama mkwe. Tuyaache hayo.

Ukiwa na kazi mbili basi, mwambie mwajiri wa pili, kwa maandishi, kwamba nafuu yako inatumika kwingine. Utakatwa zaidi kila mwezi, utanung'unika, lakini deni la mwisho wa mwaka litakuwa dogo.

Hasira ile ndiyo iliyonifanya nifungue karatasi za nyumba nzima. Baba watoto alikuwa na bima ya elimu ya watoto, 5,000 kila mwezi, ya miaka 12. Sheria inampa nafuu ya asilimia 15 ya anacholipa, mradi bima ya namna hiyo ni ya miaka 10 au zaidi: 750 kwa mwezi, 9,000 kwa mwaka. Alikuwa amelipa miaka minne bila kudai hata mara moja. Cheti cha bima kilikuwa ndani ya gari, chini ya kiti, kimelowa chai. Tangu Julai 2025 mwajiri analazimika kukuwekea nafuu zako zote kabla ya kukata PAYE, lakini hawezi kukisia una bima gani. Peleka cheti!

Mimi niliongeza 5,000 kwenye mfuko wa pensheni. Hutolewa kabla ya ushuru, hadi 30,000 kwa mwezi ukijumlisha na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo PAYE yangu imeshuka 1,500. Siwezi kuzichomoa harusi ya binamu ikifika, na hiyo ndiyo raha yake. Mwenye mkopo wa nyumba ya kuishi, naye aiombe benki hati ya riba. Hadi 360,000 kwa mwaka hupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa.

Na wale mnaowasilisha ritani ya nil, ya kusema hamkupata kitu, na mshahara mnapokea, kama shemeji yangu, kwa sababu "saiba walisema ni haraka": mnajichimbia. Mwajiri ameshaituma taarifa yako. Msiniambie hamna muda, muda wa kubishana kuhusu mpira mnao. Sote tunataka kumaliza nyumba na kununua hako ka-ploti. Duka la mtaani hulipi bila kutazama chenji, sasa mbona P9 unaikunja na kuitupa kwenye droo?

Mwaka huu nimewasilisha ritani mwenyewe, Februari, kitandani, dakika 20. Salio sufuri. Nilipiga picha skrini nikamtumia yule kijana wa saiba.

Dada aliyeniandikia naye amenitumia P9 yake. Kwenye safu ya nafuu ya bima, Januari hadi Desemba, kuna sufuri 12. Nikamwuliza kama ana bima ya watoto. Anayo, tangu 2019.