Seli Binafsi, Ada Yake Shilingi Ngapi?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa biolojia. Nimeandika kwamba watafiti "huchunguza tofauti za seli binafsi za vimelea kwa kupima protini". Mwalimu amekata "vimelea" akaandika "vijidudu". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu. Kimelea ni kile kinachomelea kingine na kukinyonya. Bakteria aina ya E. coli wengi walioko matumboni mwetu hawana ubaya wowote, kwa hiyo kuwaita vimelea ni kuwasingizia. Hilo limekwisha.

Ila huyo mwalimu aliirukaje "seli binafsi"? Kwa asili yake ya Kiarabu, binafsi ni "kwa nafsi yake", na "maoni binafsi" siyapingi. Lakini likikaa baada ya kitu, siku hizi linanuka umiliki: gari binafsi, hospitali binafsi, shule binafsi. Nikisoma "seli binafsi" naiona ina ukuta, mlinzi getini, basi la njano, na ada inadaiwa kabla muhula haujafunguliwa. Bakteria wa namna hiyo anaishi mtaa gani? Nimeshasoma na "wagonjwa binafsi", nikadhani wanasemwa wenye pesa. Kumbe ni mgonjwa mmoja mmoja! Hata "miti binafsi" nimeiona, ndani ya hifadhi ya serikali.

Rudia neno, basi: seli moja moja, bakteria mmoja mmoja. Usikomee kwenye "seli moja", maana hiyo ni moja tu, na utafiti unaousema hauhusu moja tu. Ukiwasaga bakteria mamilioni kwa pamoja ukapima protini zao, utapata wastani, na tofauti zote zimezama humo. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard walichukua protini zaidi ya 1,000 za E. coli, kila moja wakaiunganisha na protini inayong'aa manjano, kisha wakahesabu kwa hadubini kila seli inazo ngapi. Bakteria wenye jeni zilezile, waliolelewa pamoja, hawakulingana. Kupima bila kung'arisha, kwa spektrometa ya masi (chombo kinachotambua molekuli kwa uzito wake), ni kazi ngumu zaidi, kwani protini za bakteria mmoja ni chache mara mamia hadi maelfu kuliko za seli ya binadamu. Mtu akihangaika hivyo kuwafikia mmoja mmoja, halafu wewe umwandikie "binafsi"?

Kuhusu wanaoandika "mojamoja" kwa kuunganisha, waache. Nimechoka kugombana nao.