Muulize waziwazi, usiku huu

Dada wa Kayole, umesema mpwa wako wa miaka 17 alipigwa na baba wa kambo tangu utotoni, na Jumapili aligawa njumu zake akisema hazihitaji tena. Hizo njumu ndizo zilizonishtua. Usingoje kesho.

Keti naye, umuulize: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, mara nyingi humtua mzigo. Sikiliza, hata akinyamaza. Dawa zote zilizomo nyumbani zifungie, na asilale peke yake. Akisema ndiyo, nendeni hospitali iliyo karibu usiku huohuo.

Huo si utundu wala mapepo, tafadhali. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1998 ulionyesha kuwa waliopitia mateso ya aina nne au zaidi utotoni walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujaribu kujiua. Ni hatari, si hukumu: mtu mzima mmoja anayemwamini humsaidia sana.

Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapatikana bila malipo kwa simu 1199. Polisi usiwaogope, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Ukishaongea naye niandikie, hata iwe saa nane usiku.