Je, nikiacha bodaboda ya usiku nitakuwa mvivu mbele ya Mwenyezi Mungu?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nina kibanda cha vipuri hapa Dodoma, Majengo. Nikifunga jioni naingia barabarani na bodaboda ya mkataba mpaka saa saba usiku. Alfajiri inanipita karibu kila siku. Mwanangu wa miaka mitatu, nikitoka amelala, nikirudi amelala. Nataka kubaki na kibanda tu, lakini kaka yangu anasema huo ni uvivu, kijana lazima apambane. Dini inasemaje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kaka yako hakusema ovyo. Katika Suratul Jumu'a, aya ya 10, tumeamrishwa sala ikiisha tutawanyike tutafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Ila aya ya 9 ndiyo inayotangulia, nayo inasema acheni biashara mwende kwenye kumdhukuru. Tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018 na viwanja kupanda bei, naona vijana wetu wengi wameihifadhi ya 10 peke yake.

Mtume (s.a.w.) hakukataza kutafuta, bali alifundisha namna ya kutafuta. Katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Ibn Majah, anasema tumche Mwenyezi Mungu na tutafute kwa uzuri, kwani hakuna nafsi itakayokufa kabla ya kukamilisha riziki yake, hata ikichelewa. Shika neno hilo, "kwa uzuri". Utafutaji unaokupokonya Alfajiri una uzuri gani?

Mkumbuke pia Abu Dardaa, sahaba wa Mtume. Sahaba mwenzake Salman alipomtembelea alimkuta amefunga mchana na usiku hataki kulala, mkewe amesahauliwa. Salman akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume akasema, Salman amesema kweli. Na huyo alikuwa amezidisha ibada, si abiria wa usiku!

Sisemi kazi ya usiku ni haramu. Manesi na walinzi wanakesha kwa ajili yetu, na wana ujira wao kwa Mola. Wala mkulima wa zabibu wa Hombolo si mvivu kwa kuvuna mara mbili tu kwa mwaka. Kazi anaifanya, ila mzabibu haukimbizwi.

Sasa lako wewe. Pikipiki ni ya mkataba, na Suratul Maida inaanza kwa kutuamuru tutimize mikataba. Usiitelekeze katikati. Zungumza na mwenye chombo: ama mpunguze hesabu ya siku, ama umalizie kwa mchana wa Jumapili, ama umrudishie kwa makubaliano. Kisha kaa na mkeo mpige hesabu ya kodi, unga, na ada zinazokuja. Kibanda kikitosheleza hayo, acha usiku bila wasiwasi. Kisipotosheleza, punguza saa badala ya kuacha, maana matumizi ya mke na mtoto ni wajibu kwako. Na usije ukaziba pengo kwa mkopo wa kausha damu. Hapo utakuwa umekimbia uchovu ukaingia kwenye riba.

Alfajiri lakini haisubiri mkataba uishe. Kuanzia leo rudi nyumbani saa nne.

Wallahu a'lam.