Winga wa madaraja ya chini Uingereza: kabla ya kusaini na baada ya kusaini

Kila mwezi Mei, ligi ikishamalizika, klabu za League One na League Two, yaani daraja la tatu na la nne, hutangaza nani anabaki na nani anaachwa. Mikataba mingi huisha tarehe 30 Juni, na kwa ngazi hii mingi ni ya mwaka mmoja au miwili tu. Ndiyo maana utamkuta winga wa miaka 24, mwenye mbio na mabao yake, yuko sokoni kila kiangazi, huku beki wa kati wa kawaida kabisa akiwa ameshaongezewa mkataba. Winga ndiye anayetolewa dakika ya 60 timu inapolinda bao, ndiye anayekosa namba kocha akibadili mfumo, na ndiye anayechanika msuli wa paja. Anayetaka kudumu kwenye kazi hii ajipange kwa hayo matatu.

Tuanze na mfumo, maana hapo ndipo wengi huumia kabla hata hawajavaa jezi. Timu nyingi za madaraja haya hucheza na mabeki watatu nyuma: 3-5-2, au 3-4-1-2. Humo winga hana nafasi. Pembeni anasimama mtu mmoja kila upande, na nusu ya kazi yake ni kukaba. Kocha anapokupigia simu Juni atakwambia anataka watu wa kasi pembeni, na huenda anasema kweli siku hiyo. Wewe fungua vikosi vya mechi zake 10 za mwisho, viko wazi kwa kila mtu. Ikiwa saba kati ya hizo alipanga mabeki watatu, amini vikosi, usiamini simu. Kisha uliza mambo mawili: nani aliyekuwa anacheza nafasi hiyo na kwa nini ameondoka, na usajili unaamuliwa na kocha au na mkurugenzi wa michezo? Makocha wa ngazi hii hufukuzwa upesi. Ukisajiliwa kwa mapenzi ya kocha mmoja, Novemba unaweza kuwa chini ya mwingine asiyejua kwa nini upo.

Mwangalie pia straika. Kama namba tisa wao ni mfupi anayependa mpira mguuni, krosi zako za juu zitaishia mikononi mwa kipa na lawama zitarudi kwako.

Kuhusu nafasi, usiwe mbishi. Michail Antonio alitoka Tooting & Mitcham akaenda Reading mwaka 2008, akazungushwa kwa mikopo Cheltenham, Southampton, Colchester na Sheffield Wednesday, akapita Nottingham Forest na kutua West Ham mwaka 2015. Huko alichezeshwa winga, beki wa kulia, mwishowe straika, na mwaka 2021 akawa mfungaji bora wa West Ham katika historia ya Premier League. Angeng'ang'ania chaki ya pembeni tu, pengine hadithi ingekuwa nyingine.

Sasa uwanjani. League Two mpira mwingi unatoka kwa kipa au beki wa kati moja kwa moja kwenda kichwani kwa namba tisa. Winga anayesubiri pembeni aletewe pasi anaweza kukaa robo saa bila kugusa kitu. Mpira mrefu unapopigwa, ingia ndani, simama kama mita nane hivi kutoka kwa straika, nyuma yake kidogo, mwili umegeuka nusu kuelekea goli. Hapo ndipo mipira ya pili, ile inayotoka kwenye mgongano wa vichwa, inapodondokea. Na shambulio likiwa upande wa pili, kazi yako ni nguzo ya mbali. Krosi inayowapita watu wote inamkuta mtu mmoja tu, na ndiyo bao rahisi kuliko yote anayopewa winga. Wengi hulikosa kwa sababu wamesimama ukingoni mwa boksi wakitazama.

Krosi yenyewe ndiyo inayowatofautisha watu. Kosa kubwa ni mpira kugonga beki wa kwanza, na sababu yake mara nyingi ni mguso wa mwisho: mpira unabaki chini ya mwili, mpigaji anainama nyuma na kupiga bila kuinua macho. Sukuma mpira mbele nusu mita, tazama boksi kabla ya mguso huo wa mwisho, halafu piga. Baada ya mazoezi baki na mipira 20: minane ya mapema, ukiwa usawa wa mstari wa boksi, minane ya kurudisha nyuma kutoka mstari wa goli kwenda eneo la penalti, minne kwa mguu dhaifu. Weka sanamu au begi mahali pa beki wa kwanza, na uhesabu iliyompita tu. Chini ya 14, sahau mambo ya kukunja mpira. Jifunze pia kupiga kona kwa uhakika, maana kocha huwaza mara mbili kabla ya kumtoa mpiga kona wake.

Kukaba nako kunahesabiwa. Beki wa pembeni wa wapinzani akipanda, ukianza kumkimbiza akiwa tayari amekupita umechelewa. Anza mpira unapokuwa bado kwa beki wao wa kati.

Halafu miguu. Msimu una mechi 46 za ligi kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Mei, na juu yake Kombe la FA, Carabao Cup (Kombe la Ligi) na EFL Trophy (kombe la madaraja haya). Jumamosi, Jumanne, Jumamosi. Kwa mtu anayeishi kwa mbio fupi, msuli wa nyuma ya paja ndio mtaji, na zoezi lenye ushahidi mkubwa ni lile la Nordic: unapiga magoti, mwenzako anashika vifundo vya miguu, unajishusha mbele polepole ukizuia kuanguka. Tafiti zimeonyesha linapunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Wiki ya kwanza fanya siku moja tu, seti mbili za mara tano. Ya pili, siku mbili, seti mbili za mara sita. Ya tatu, siku tatu, seti tatu za mara sita hadi nane. Ya nne, seti tatu za mara nane hadi kumi. Baada ya hapo seti tatu za 12, 10 na nane, na ligi ikichanganya siku moja kwa wiki inatosha. Lianze kabla ya msimu; anayelianza Oktoba kwa dozi kamili hupata maumivu ya kumkosesha mechi. Wala usilifanye siku moja kabla ya mchezo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: aliye hatarini sana ni yule wa benchi. Anakaa wiki tatu bila kukimbia kwa kasi yake ya juu, kisha anaingizwa dakika ya 70 na kuambiwa akimbize. Usipocheza, baki uwanjani mechi ikiisha ukimbie mara nne mita 40, karibu na kasi yako yote.

Viatu navyo si anasa. Klabu za EFL, yaani daraja la pili hadi la nne, lazima zicheze kwenye nyasi asilia. Harrogate mwaka 2020, Sutton mwaka 2021 na Bromley mwaka 2024 zilibidi kung'oa zulia la nyasi bandia zilipopanda. Chini ya hapo nyasi bandia zinaruhusiwa. Kuwa na jozi tatu: njumu za kufunga kwa skrubu kwa matope ya Januari, za kawaida, na za nyasi bandia zenye meno mafupi mengi. Njumu ndefu kwenye zulia hushika, mwili unageuka, goti linabaki.

Kwenye mkataba, "mwaka mmoja na nyongeza" karibu kila mara maana yake nyongeza ni ya klabu, wewe huna sauti. Omba nyongeza ianze yenyewe ukifikisha idadi fulani ya mechi, na iandikwe wazi kama kuingia dakika ya 88 kunahesabika. Idadi iwe ya chini, kwa sababu ukibakisha mechi mbili unaweza kukuta benchi linakuita ghafla. Kama kuna kipengele cha kukatwa mshahara timu ikishuka, dai ongezeko la kiwango hichohicho ikipanda. Chama cha wachezaji, PFA, huwapa wanachama wake ushauri wa mikataba, na mkataba na wakala usizidi miaka miwili.

Kwa kijana wa miaka 21, mechi 40 National League, daraja la tano, ni bora kuliko kuingia mara nane kutoka benchi League One. Jarrod Bowen alianzia Hereford, daraja la tano, akaenda Hull mwaka 2014, West Ham Januari 2020, na Juni 2023 akafunga bao la ushindi la fainali ya Conference League, kombe la tatu kwa ukubwa la klabu za Ulaya. Ila daraja la sita kushuka chini wengi hufanya mazoezi jioni mara mbili kwa wiki na mchana wako kazini, kwa hiyo ujira wa mpira uhesabu kama nyongeza tu.

Kwa walio nyumbani Afrika Mashariki, mlango ni mwembamba. Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya aliyeifungia Barnsley bao la kuibakisha Championship (daraja la pili) dhidi ya Brentford Julai 2020, alikuzwa na akademi ya Leeds. Tarryn Allarakhia, winga wa Taifa Stars aliyepita Crawley, Wealdstone na Rochdale, alizaliwa Uingereza. Asiye na haki ya kufanya kazi huko anahitaji kibali, na ili akipate lazima afikishe pointi 15 kutokana na mechi na ligi alizocheza; mechi za timu ya taifa humpitisha moja kwa moja mchezaji wa nchi iliyo ndani ya 50 bora za FIFA tu. Tangu 2023 klabu za League One na League Two zinaweza kusajili hadi wachezaji wawili wasiofikisha pointi hizo, na ni nadra klabu kutumia nafasi hiyo kwa winga isiyemjua. Kwa hiyo barua ikija ikikualika majaribio League Two na kudai utume ada ya usajili au ya viza kwa mtu binafsi, usitume hata senti. Tafuta namba ya simu kwenye tovuti ya klabu yenyewe, piga, uulize kama jina lako wanalo.