Muulize Mzee: Shefu wangu ningeweza kumzaa

SWALI: Jambo Mzee. Mimi ni fundi wa kushona hapa Majengo, Goma. Mtoto wangu yuko skauti, na shefu wao, yaani kiongozi wa kikundi, ameniomba niwe msaidizi siku za Jumamosi na wakati wa kambi. Sijui kufunga hata fundo moja la kamba. Halafu huyo shefu ni kijana tu, ningeweza kumzaa. Nani atamwamuru mwenzake? Baba watoto naye ananiuliza: watakulipa ngapi? – Mama wa Majengo

JIBU: Jambo Mama. Fundo lisikusumbue. Mtafute skauti mmoja wa miaka kumi na miwili, umwambie akufundishe; atatembea kifua mbele wiki nzima. Mimi nimekuwa msaidizi tangu nywele zikiwa nyeusi, na ushefu mkuu nimeukataa kila walipokuja kuniomba. Huku nyuma kuna kazi ya kutosha.

Kazi hiyo hata wasaidizi wengine hawaielewi. Skauti hugawanywa katika patroli za watoto sita hadi wanane, na kiongozi wa patroli ni mtoto mwenzao. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alianza hivyo tangu kambi ya majaribio ya mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza: wavulana wapatao 20, patroli nne, na watu wazima wachache, akiwemo rafiki yake wa jeshini Kenneth McLaren aliyekwenda kumsaidia. Kugawa kazi ni haki ya yule mtoto kiongozi. Sasa anatokea mtu mzima mwenye haraka, anaona fufu inaungua, anamnyang'anya mwiko mbele ya wenzake. Nani atamsikiliza tena? Acha iungue, Mama. Watakula sambaza wao, wale samaki wadogo wa ziwani, na fufu yenye moshi, na kesho yake watapunguza makaa bila kuambiwa.

Lakini kuna mambo ambayo hutawaachia watoto hata dakika moja, na hapa kwetu la kwanza ni mazuku. Unajua ile hewa inayotoka ardhini, hasa kuelekea Bulengo na Sake: haina rangi, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inajikusanya mabondeni. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, ndipo inapozidi. Mtu mzima akisimama anaweza asisikie kitu, huku mtoto aliyelala chini anazimia. Watoto wanapenda mabonde kwa sababu yana kivuli na hayana upepo. Watakuchagulia pale pale. Kabla hema halijafunguliwa, waulize wenyeji wa pale, wao wanajua kila shimo. Ukiona ndege au panya wamekufa shimoni, usiteremke kwenda kuchungulia. Panda juu, hata kama juu ni mawe matupu ya volkano yasiyoingia kigingi. Kamba zitafungwa kwenye mawe, na hapo utaona lile fundo lina kazi gani.

Maji ya ziwa yatiwe dawa au yachemshwe, kipindupindu tunakijua. Chuma chochote kitakachoonekana porini kisiguswe, huenda ni bomu.

Jambo jingine: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja mahali pa faragha, awe shefu, awe padri, awe wewe. Siku zote muwe watu wazima wawili. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuwa na msaidizi. Kikundi kinachokuambia "sisi tunaaminiana, hakuna haja", mtoe mtoto wako humo.

Kuhusu umri: uwanjani mwite Shefu, yeye atakuita Mama, na hakuna atakayepungukiwa. Akikosea, mvute pembeni baada ya watoto kutawanyika. Akikosea jambo la usalama, usingoje watawanyike.

Nina wasiwasi mmoja. Ukifika tu watakutuma jikoni kwa sababu wewe ni mama. Kataa kwa upole. Waombe ufundishe kushona: hema lililochanika, skafu, mkoba wa dawa. Wavulana nao washike sindano. Kama watakupeleka kwa wale wadogo, usishangae kuitwa Baloo au Bagheera. Kiongozi wao anaitwa Akela, na wasaidizi hupewa majina ya wanyama wengine wa hadithi hiyo hiyo, ile ya Kipling iitwayo The Jungle Book.

Mwambie Baba watoto kwamba malipo hakuna. Ila nauli ya kwenda kambini na chakula chako usitoe mfukoni mwako. Kubalianeni na shefu mapema, na iandikwe kwenye daftari la michango ambalo wazazi wanaweza kulisoma. Na Jumamosi ukiwa na nguo za harusi za kumaliza, mtumie ujumbe Ijumaa, atafute mtu mzima mwingine kabla watoto hawajafika uwanjani.